Meza Mbili: Abdulrazak Gurnah, Wakimbizi wa Rukwa na Kazi ya Kuandika

Mhadhara uliotolewa mjini Sumbawanga mbele ya walimu wa Kiswahili na Historia, wanafunzi wa sekondari na wazee wa mji



Nimeombwa nizungumzie mwandishi aliyezaliwa Unguja, akaishi Uingereza zaidi ya nusu karne, na akaandika riwaya zake zote kwa Kiingereza. Najua wapo humu ndani wanaojiuliza hayo yanatuhusu nini sisi watu wa Ufipa, ambao wengi wetu bahari tunaiona kwenye kalenda. Swali ni la haki, na nitalijibu mapema ili tusisumbuane.

Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974. Kwa miaka mingi, hadi Mkoa wa Katavi ulipomegwa mwaka 2012, ndani ya mipaka yake palikuwa na makazi mawili makubwa ya wakimbizi kutoka Burundi: Katumba na Mishamo. Watu walifika, wakafyeka pori, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, wakazaa, wakazika, na wengi wao leo ni raia wa Tanzania. Kwa habari ya wakimbizi, basi, sisi si wageni. Tulichopungukiwa ni vitabu. Abdulrazak Gurnah ni mkimbizi aliyeondoka katika nchi yetu hii hii, akageuka mwandishi, akafika mpaka kwenye Tuzo ya Nobel. Tukimwelewa alivyofanya, tutajua na sisi tunadaiwa nini.

Hoja yangu ni moja. Mkimbizi popote duniani hulazimika kusimulia maisha yake mbele ya meza ya afisa. Pale husimulia kwa kifupi, kwa kujibu alichoulizwa, na hujifunza haraka jibu lipi linafungua mlango na lipi linaufunga. Kuwa mwandishi ni kuhamia meza ya pili, iliyo yake mwenyewe, na kuyarudisha mahali pake yale yote ambayo meza ya kwanza haikuyataka, pamoja na yale yasiyompendeza yeye wala jamaa zake.

Kutoka Unguja hadi Canterbury

Gurnah alizaliwa tarehe 20 Desemba 1948. Alikua Unguja mjini, mahali ambapo jahazi zilifika na pepo za kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi na kurudi na kusi. Lugha yake ya nyumbani ni Kiswahili. Chuoni alisoma Kurani, na shuleni akafundishwa Kiingereza cha mkoloni. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalimkuta akiwa na miaka 15. Miaka iliyofuata ilikuwa ya vifungo, mali kutaifishwa, na hofu kubwa hasa kwa familia zenye asili ya Kiarabu, na familia yake ilikuwa mojawapo. Alipomaliza shule hakuona mbele. Akiwa na miaka 18 aliondoka, na mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa Uingereza.

Uingereza ya wakati huo haikuwa imetandika jamvi. Mwaka 1968 mwanasiasa Enoch Powell alitoa hotuba maarufu ya kuwatisha Waingereza kuhusu wahamiaji weusi na wa kutoka Asia, na maneno yake yalisikika mitaani na kazini. Kijana huyu alisoma Canterbury, mji wa kanisa kuu la Waanglikana, na kwa muda alifanya kazi hospitalini kama mhudumu: kusukuma vitanda, kubeba wagonjwa, kusafisha. Riwaya yake ya pili, Pilgrims Way ya mwaka 1988, inahusu kijana Daud kutoka Tanzania anayefanya kazi hiyo hiyo katika mji huo huo.

Alianza kuandika akiwa na miaka 21 hivi, bila mpango wa kuwa mwandishi. Katika mhadhara wake wa Nobel, Desemba 2021, alieleza kwamba alianza kwa upweke, akijaribu kushika alichokiacha kisimponyoke. Kisha akaona jambo lililompa sababu kubwa zaidi ya kuendelea: historia mpya, nyepesi, ilikuwa inatungwa juu ya yale aliyoyashuhudia, na yale yasiyolingana nayo yalikuwa yanafutwa. Akaona ni wajibu wake kukataa.

Wanafunzi, angalieni miaka. Alianza akiwa na 21. Kitabu chake cha kwanza, Memory of Departure, kilitoka mwaka 1987, akiwa na 38. Katikati hapo alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, alifundisha Chuo Kikuu cha Bayero kule Kano, Nigeria, na mwaka 1984 ndipo alipoweza kurudi Unguja kwa mara ya kwanza, akamwona baba yake muda mfupi kabla mzee hajafariki. Baada ya hapo alifundisha Kent hadi kustaafu, huku akiandika. Tarehe 7 Oktoba 2021, simu kutoka Sweden ilipomkuta jikoni akijitengenezea chai, alidhani ni mtu anayemfanyia mzaha. Alikuwa ameshachapisha riwaya kumi. Kwa hiyo anayewaambia kwamba mateso peke yake humfanya mtu mwandishi anawadanganya. Waliokimbia Unguja miaka ile walikuwa wengi. Huyu alikaa kitako na kazi yake miaka 17 kabla hajaona jina lake juu ya jalada.

Kamati ya Nobel ilimsifu kwa mambo mawili: namna alivyochimba athari za ukoloni na hatima ya mkimbizi bila kulegeza msimamo, na huruma yake. Watu hukumbuka huruma. Mimi leo nataka tukae na lile la kutolegeza.

Kwenye meza ya afisa

Tuchukue riwaya ya mwaka 2001, By the Sea. Mzee mmoja wa miaka 65, Saleh Omar, anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick. Pasipoti aliyoshika ina jina la mtu mwingine. Aliyemuuzia tiketi amemshauri asikubali kwamba anajua Kiingereza, ingawa anakijua vizuri. Anatamka maneno mawili tu ya kuomba hifadhi, kisha ananyamaza.

Afisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, anampekua mzigo. Mzee amebeba vitu vichache, na kimoja ni kijisanduku cha udi, udi alkamari, bidhaa aliyokuwa akifanyia biashara zamani alipokuwa na duka la samani. Afisa anakifungua, ananusa, anauliza ni nini. Mzee hawezi kujibu, kwa kuwa amejifanya haelewi. Maswali yanaendelea: kwa nini umekuja, una ndugu hapa, kwa nini mtu wa umri wako asibaki kwao. Na mzee, ambaye kichwani mwake anasikia kila neno, anakaa kimya. Mwisho wa mahojiano afisa anakiweka kile kisanduku upande wake. Mzee anaruhusiwa kuingia nchini, udi unabaki.

Hapa Gurnah ameionyesha meza ya kwanza yote kwa sanduku moja. Sheria inataka kujua kama maisha yako yako hatarini. Haina haja ya kujua udi ule ulitoka wapi, uliupata kwa mkataba gani na mfanyabiashara gani wa Kiajemi, na kwa nini mkataba huo uliipokonya familia nyingine nyumba yao. Lakini hilo ndilo lililobeba maisha ya mzee. Jina lililo katika pasipoti ni la mtu ambaye ukoo wake uligombana na Saleh Omar juu ya nyumba na samani. Na mtu anayetafutwa Londoni aje kumtafsiria mzee huyu anayesemekana hajui Kiingereza ni Latif Mahmud, mtoto wa mwenye jina lile.

Watu hawa wawili wanapokutana katika mji mdogo wa pwani ya Uingereza, hakuna afisa. Wanakaa, wanakunywa chai, kila mmoja anatoa upande wake wa kisa cha nyumba ile. Latif anagundua kwamba aliyoambiwa utotoni hayakuwa yote. Saleh anakiri kwamba alikuwa na haki kisheria, na bado alifanya jambo la kikatili. Kitabu kinaanza na mkimbizi aliyefunga mdomo mbele ya dola na kinafika kwa mkimbizi anayesema hata yanayomfedhehesha, mbele ya mtu aliyemdhulumu. Hiyo ndiyo safari ya kutoka meza ya kwanza kwenda meza ya pili.

Msafara uliopita njia zetu

Sasa tuisogeze habari hii karibu na kwetu. Riwaya iliyomtambulisha Gurnah kwa wasomaji wengi ni Paradise ya mwaka 1994, iliyoingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker. Mtoto Yusuf, mwenye miaka 12, anatolewa na baba yake kwa mfanyabiashara wa pwani anayeitwa Aziz. Anaambiwa Aziz ni ami yake. Ukweli ni kwamba baba ana deni na mtoto amewekwa rehani. Baadaye Yusuf anachukuliwa katika msafara wa bara, chini ya mnyapara Mohammed Abdalla, hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambako mtawala anayeitwa Chatu anawapiga na kuwanyang'anya mali.

Wahakiki wamekwisha kuonyesha kwamba Gurnah hakulitoa hili hewani. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha mkusanyo wa Safari za Wasuaheli, simulizi za wasafiri wa pwani kwa Kiswahili chao wenyewe. Mmoja wao, Selemani bin Mwenye Chande, anaeleza safari yake ya bara na jinsi mali yao ilivyochukuliwa na mtawala wa upande ule wa ziwa. Gurnah aliyasoma maandishi ya wenyewe, akaingiza ndani yake mtu ambaye wafanyabiashara hawakumpa nafasi ya kusema: mtoto wa rehani.

Njia za misafara kutoka Tabora kwenda kusini mwa ziwa zilipita humu Ufipa. Livingstone alipita hapa mwaka 1872, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Wafanyabiashara wa pwani walipita na pembe, nguo na watu. Babu zetu waliwauzia chakula, na wapo waliouza binadamu wenzao. Kule Kasanga, ambako Wajerumani walijenga boma lao na kupaita Bismarckburg, magofu bado yapo, na Paradise inamalizika wakati wanapotokea askari wa Wajerumani wakikusanya vijana kwa ajili ya vita.

Sasa mtazameni mwandishi huyu alipokuwa amekaa. Yeye ni mtu aliyekimbizwa kwao kwa sababu ya asili yake. Pwani yake ilikuwa inaelezwa upya na washindi kama nchi ya mabwana wa watumwa, na Uingereza ilikuwa inaielezea kama nchi iliyookolewa na wakoloni. Njia nyepesi ingekuwa kuandika pwani nzuri iliyoonewa. Hakuifuata. Aliandika pwani yenye bustani za kupendeza na deni linalolipwa kwa mtoto. Akawaandika Wajerumani bila kuwapunguzia, na akawaandika watu wake vivyo hivyo. Jina la kitabu ni pepo, na ndani yake hakuna aliyekaa peponi. Hilo ndilo la kutolegeza nililolisema.

Mishamo na Kigoma

Turudi sasa kwa wakimbizi wetu wa Katumba na Mishamo. Tarehe 29 Aprili 1972 yalianza machafuko Burundi ambayo yaligeuka mauaji ya kuwalenga Wahutu, hasa wasomi wao, wanafunzi, walimu na makarani, chini ya utawala wa Rais Micombero. Makumi kwa makumi ya maelfu ya watu waliuawa. Wengine walionusurika wakavuka kuja kwetu. Ulyankulu ilifunguliwa upande wa Tabora, Katumba ikafuata karibu na Mpanda, na mwishoni mwa miaka ya 1970 Mishamo, kwa kuhamisha watu wengi waliokuwa Ulyankulu. Serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na shirika la Kikristo la TCRS walishirikiana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwa watu hawa msemo ule ulitekelezwa kwa maana yake ya wazi kabisa: walipewa jembe, mbegu na kipande cha pori. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi yalikuwa yanajilisha na kuuza ziada. Lakini kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali.

Wakati huo huo, mwaka 1985 na 1986, mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikuja kuwasikiliza. Kitabu chake, Purity and Exile, kilitoka mwaka 1995. Aliwasikiliza wakimbizi wa aina mbili: waliokaa Mishamo, na waliojipenyeza mjini Kigoma. Alikuta tofauti ambayo kila mwalimu wa fasihi anapaswa kuijua.

Mishamo, watu walimsimulia historia moja. Ilianzia zamani za mababu, ikapita kwa wakoloni, ikafika 1972, ikaja uhamishoni. Mtu huyu na mtu yule walisimulia kwa mpangilio ule ule, mara nyingi kwa maneno yanayokaribiana. Ilikuwa historia ya "sisi", yenye mafundisho, yenye wema na wabaya waliojulikana mapema. Kigoma mjini mambo yalikuwa mengine. Watu walichangamana, wengine walichukua majina mapya, wengine walijitambulisha kama wenyeji, na jina la mkimbizi walilikwepa. Kila mmoja alikuwa na mambo yake, na wengi hawakutaka kuyaeleza.

Malkki alikuwa na hoja zake za kisomi. Mimi nasoma hapo jambo la mwandishi. Mishamo palikuwa na usemi mwingi, lakini mtu mmoja mmoja alimezwa na simulizi ya wote. Kigoma palikuwa na watu mmoja mmoja, lakini walinyamaza ili waishi. Wote walikuwa na sababu nzuri. Watu waliouawa kwa kabila lao wanahitaji historia inayowaweka pamoja, na mtu mwenye kibanda sokoni bila karatasi anahitaji kutojulikana. Ila riwaya haizaliwi kwa namna yoyote kati ya hizo mbili. Mwandishi anahitaji ujasiri wa Mishamo wa kusema, na macho ya Kigoma ya kumwona mtu mmoja na siri zake: huyu aliyemkimbia mkewe, yule aliyeokolewa na jirani Mtutsi, mwingine aliyefurahia maisha mapya na kuona aibu kwa furaha hiyo. Mambo hayo hayaingii katika simulizi ya wote, kwa kuwa yanaivuruga.

Mtoto wa miaka minne

Huenda mtu akasema: wenye habari hizo wamezeeka au wamekufa. Ni kweli kwa sehemu, na ndiyo maana nataka niwapeleke mbali kidogo.

Viet Thanh Nguyen alizaliwa mwaka 1971 katika mji wa Ban Me Thuot, kwenye nyanda za juu za Vietnam, nchi ya mashamba ya kahawa. Vita ilipokwisha mwaka 1975 familia yake ilikimbilia Marekani na kuwekwa kambini Pennsylvania. Kutoka kambini kulihitaji mdhamini, na hakupatikana mdhamini mmoja wa kuwachukua wote. Mtoto wa miaka minne akatenganishwa na wazazi wake kwa muda, akapelekwa kwa familia ya wageni. Baadaye wazazi walifungua duka la vyakula San Jose. Siku ya mkesha wa Krismasi majambazi waliwapiga risasi wakiwa dukani. Walipona, wakarudi kazini. Mtoto akakua akiyaona hayo, akasoma, akawa profesa, na riwaya yake The Sympathizer ikapata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2016. Mhusika mkuu wake ni jasusi wa wakomunisti anayejificha kati ya wakimbizi wenyewe. Jamii ya Wavietnam wa Marekani ingependa shujaa aliye upande wao tu. Nguyen aliwapa mtu mwenye nyuso mbili. Kama Gurnah, hakuwa tayari kuandika kitabu cha kuwapendeza jamaa.

Nimemtaja kwa sababu ya umri wake. Vita yenyewe hakuikumbuka sawasawa. Alichokikumbuka ni duka, kazi ya wazazi, na mambo waliyokataa kuyazungumza mezani. Mtoto aliyekuwa na miaka minne mwaka 1972 alipobebwa mgongoni kuvuka mpaka bado yupo kati yetu, mtu mzima anayekaribia miaka 60. Watoto wake walizaliwa Katumba, wakasoma shule zetu, wakafanya mitihani ya Kiswahili tuliyowasahihishia sisi walimu. Mwaka 2010 Serikali ilitangaza kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa kundi hili la 1972, na kuanzia 2014 vyeti vikatolewa. Hakuna afisa anayewahoji tena kama wanastahili kukaa. Kwa mara ya kwanza wanaweza kusimulia bila kuogopa kwamba jibu litawafukuza. Meza ya pili iko wazi.

Kigoda cha Milansi

Wafipa nao wasidhani wamekaa kando ya kisa hiki kama wenye nyumba tu. Simulizi kuu ya Ufipa, kama wazee wanavyoijua, ni ya wageni waliofika bila kwao. Mtawala wa Milansi, Ntatakwa, alikuwa ametoka nyumbani. Alikuwa amemwonya mke wake kwamba watakuja wageni, na kwamba asiwape kigoda cha utawala. Wakaja wanawake watatu kutoka mbali. Mke akawapisha kigoda. Mume aliporudi akawakuta wamekwisha kukaa. Baada ya mazungumzo, wageni wakapata utawala wa nchi, na Milansi ikabaki na heshima yake na eneo lake dogo. Kutokana na wanawake wale ukatokea ukoo wa Watwa uliotawala Nkansi na Lyangalile.

Simulizi hii ina matoleo yake, na kila upande una namna yake ya kuweka mkazo. Lakini angalieni ilivyoundwa. Mwenyeji hakuwepo alipotakiwa. Mke alijua la kufanya na hakulifanya. Wageni walikuwa wachovu na pia walikuwa na tamaa. Hakuna aliyetoka safi, na nchi ikajengwa juu ya mapatano ya watu hao hao. Babu zetu walijua zamani kwamba habari ya mgeni na mwenyeji haiwezi kusimuliwa kwa kumsafisha mmoja.

Na ni nani aliyeichapa ikasomwa duniani? Mwingereza Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti hapa miaka ya 1960, akaandika vitabu kuhusu dola ya Wafipa na sanaa yao ya masimulizi. Tunamshukuru. Lakini mtoto wa Namanyere akitaka kuisoma kwa utulivu, akiwa na jalada mkononi, anaelekezwa kwenye Kiingereza. Habari za Mishamo ziko kwenye Kiingereza. Hata Paradise ya Gurnah ilikaa miaka 28 kabla ya kuja kwa Kiswahili kama Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, baada ya Nobel.

Wapo wanaomlaumu Gurnah kwa kuandika Kiingereza. Mimi siwaungi mkono sana. Aliandika kwa lugha aliyosomea na katika nchi iliyompa meza, na sentensi zake zimejaa maneno ya Kiswahili ambayo hakuyatolea maelezo kwa wageni. Lawama zaidi ni yetu tuliobaki na Kiswahili chote mikononi na hatukukitumia.

Tuandike nini

Nimalizie kwa kazi, kwa sababu mhadhara usio na kazi ya nyumbani hausaidii walimu.

Kwanza, tuache kuuliza maswali ya afisa. Mwanafunzi anapokwenda kwa mzee wa Katumba, au kwa babu yake mwenyewe hapa Laela au Matai, asianze na "ulikimbia kwa nini" wala "walikufa wangapi". Aulize: nani alikuazima sufuria ya kwanza? Mliposafisha shamba, mti gani mliuacha? Kibali cha kutoka makazini ulikipata kwa nani, na uliposafiri bila kibali ulijificha wapi? Mliuza mahindi kwa nani, na alikupunja? Aende Kasanga awaulize waliofanya kazi bandarini kuhusu Liemba, meli iliyojengwa na Wajerumani, ambayo mwaka 1997 ilirudisha zaidi ya wakimbizi 75,000 kwao Kongo, na Mei 2015 ikawatoa Warundi Kagunga kuwapeleka Kigoma. Majibu ya maswali madogo ndiyo yanayobeba makubwa, kama kile kisanduku cha udi.

Pili, wenyeji nao waandike makosa yao. Tuliwapokea wakimbizi vizuri, na dunia inatusifu kwa hilo. Vilevile wapo waliowatumikisha kwa vibarua vya bei ya chini, waliowaita majina ya dharau, waliowatishia kuwashtaki ili wasidai ujira wao. Mwandishi Mfipa atakayeandika sifa bila hayo atakuwa amerudi kwenye meza ya kwanza, safari hii akiwa upande wa afisa.

Tatu, tuwe waangalifu. Mtu aliye hai ana haki ya siri yake. Anayetaka jina lake lifichwe, lifichwe; asiyetaka kusema, asisukumwe. Wapo watakaosema kuamsha habari za 1972 ni kutonesha kidonda. Lakini simulizi zinazochochea chuki ni zile nyepesi, zenye watu weupe kabisa na weusi kabisa wa roho. Kisa kamili, chenye jirani aliyeokoa na ndugu aliyesaliti, ni kigumu kukitumia kumtuma mtu akaue.

Na mwisho, uvumilivu. Nawaomba walimu mtenge daftari moja katika kila shule kwa kazi hii, na msilisahihishe kwa kalamu nyekundu katika mwaka wa kwanza. Mwanafunzi atakayeanza leo asitegemee kitabu mwakani. Akifika miaka 38 akakichapa, atakuwa amekwenda sawa na mshindi wa Nobel.

 Sasa ni zamu ya maswali, na kwa idhini ya Mwenyekiti ningeomba aanze mwanafunzi.